Ajali Ina Kinga

Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni. Fungu la kutafakari: Kumbukumbu la Torati 22:8.

 

Sisi tukaao mitaa ya Eastlands hapa Nairobi ni majirani wa ndege. Kabla ya mapambazuko magari ya wafanyakazi hupita Donholm, Tassia, Pipeline na Embakasi kuwachukua watu wa zamu na kuwapeleka uwanjani. Ndani ya magari hayo wamo wapishi, wapakizi wa mizigo, wafagiaji, askari na mafundi. Jumapili watu hao hao huketi pamoja nasi kanisani. Wengi wetu hatujapanda ndege hata mara moja, lakini ni wachache kati yetu wasiomjua mtu ambaye mikono yake hufanya kazi kwenye ndege.

Asubuhi hii twapenda kuzungumza juu ya kazi moja ya mafundi hao, nayo ni kutunza vifaa vya dharura. Ndege nyingi za abiria huvibeba: majaketi ya kuokolea yaliyofichwa chini ya viti, mitungi ya oksijeni iliyo juu ya vichwa vya abiria, vizima-moto, na milango ya dharura pamoja na mitelezo yake. Vifaa hivi vina jambo la ajabu. Injini ikikohoa, rubani hujua mara moja. Kiti kikivunjika, abiria atalalamika. Lakini jaketi lililotoboka laweza kukaa chini ya kiti miaka mingi, likivuka bahari huku na huku, wala asiwepo hata mtu mmoja ajuaye kwamba limetoboka. Litajulikana siku moja tu, na siku hiyo hapatakuwa na nafasi ya kulirudisha karakanani.

Basi, wapenzi, tuna msemo katika lugha yetu: ajali haina kinga. Twausema matangani. Twausema tukisoma magazeti. Na sisi wachungaji, Mungu atusamehe, tumeusema hata makaburini, tukaongeza kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, kisha tukapiga moyo konde na kurudi nyumbani. Hatusemi kwamba msemo huo ni uongo mtupu. Yako mambo yanayompata mwanadamu ambayo hakuna mkono ungeweza kuyazuia. Lakini leo twaomba ruhusa yenu tuupinge msemo huo kidogo, maana zipo ajali zilizokuwa na kinga, na kinga hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu.

Fungueni pamoja nasi kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Ni sheria fupi sana, na pengine hamjawahi kusikia mahubiri juu yake. Katika nchi ile nyumba zilikuwa na dari tambarare. Watu walipanda juu kupunga upepo, kuanika vitu, kulala nyakati za joto, hata kuwakaribisha wageni. Sheria yamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuuzunguka ukingoni mwa dari, ili asije mtu akaanguka kutoka huko, na nyumba ikachukua lawama ya damu yake.

Angalieni sheria hiyo inavyofikiri. Haingoji mtu aanguke kwanza. Haimtazami aangukaye na kuuliza kama alikuwa mlevi, au mtoto mtundu, au mgeni asiyejua nyumba. Yamtazama mwenye nyumba. Tena haimshtaki kwa kumsukuma mtu, maana hakumsukuma mtu yeyote. Yamwuliza juu ya ukingo tu. Mbele za Mungu, kuacha kuweka ukingo ni tendo, na lina damu ndani yake.

Sasa tuje kwetu. Wazee wa mitaa yetu wanaikumbuka tarehe 20 Novemba 1974. Asubuhi hiyo ndege kubwa ya aina ya Boeing 747 ya shirika la Lufthansa, safari namba 540, iliyotoka Frankfurt ikielekea Johannesburg, iliondoka katika uwanja wa Embakasi, ambao leo twauita Jomo Kenyatta. Ilikuwa na watu 157. Iliinuka kidogo, ikatetemeka, ikashindwa kupanda. Ikaanguka ng'ambo ya mwisho wa njia ya kurukia, ikashika moto. Watu 59 walikufa, na 98 wakaokoka. Hiyo ndiyo ajali ya kwanza ya Boeing 747 iliyoua abiria.

Wachunguzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule waliitafuta sababu, wakaiona. Mabawa ya ndege hiyo yana vibawa vya mbele, ambavyo hufunguliwa wakati wa kuruka ili vilipe bawa nguvu ya kuinua. Vibawa hivyo husukumwa na hewa itokayo katika injini. Asubuhi ile vali za hewa zilikuwa zimeachwa zimefungwa, kwa hiyo vibawa havikufunguka. Orodha ya ukaguzi ilikuwapo. Lakini vali zilibaki vivyo hivyo mpaka ndege ikaanza kukimbia. Tena ndege yenyewe haikuwa na onyo la kutosha kuwaambia marubani kwamba jambo hilo limesahauliwa, na onyo la namna hiyo likaongezwa baada ya watu kufa.

Twalitaja jambo hilo kwa sababu lilitokea mlangoni petu. Halikuwa kosa la karakana, lilikuwa la chumba cha marubani. Lakini lafundisha neno moja: chombo kizima ambacho hakikuandaliwa hakimfai abiria kuliko chombo kibovu.

Karakanani nako kuna kisa chake, na hicho kilitokea mbali, mjini Miami huko Marekani, mwezi wa Mei 1996. Twawaomba mkisikilize polepole, maana kina hatua nyingi, na kila hatua ni ndogo.

Juu ya kichwa cha abiria, katika ndege nyingi, mna mtungi mdogo wa kutengeneza oksijeni. Si mtungi wa kubeba gesi kama ule wa jikoni. Ndani yake mna dawa kavu. Abiria akiivuta barakoa kwake, pini huchomoka, kijinyundo hupiga, na dawa huanza kuungua na kutoa oksijeni kwa dakika chache, kiasi cha kumtosha abiria huku rubani akiishusha ndege mahali penye hewa. Dawa hiyo ikiungua, mtungi hupata moto mkali, zaidi ya nyuzi 200. Ukiwa mahali pake darini, umezungukwa na kinga, hauna madhara. Ukiwa ndani ya boksi, katikati ya vitu viwezavyo kuwaka, huwa kiberiti.

Shirika la ndege liitwalo ValuJet lilikuwa limenunua ndege zilizokwisha kutumika, likazipeleka kwa kampuni ya matengenezo, SabreTech. Mitungi mingi ya oksijeni iliyokuwamo ilikuwa imepita miaka yake 12, basi mafundi wakaitoa. Karatasi ya kazi ilitaka kila mtungi uvikwe kifuniko kidogo cha plastiki juu ya kijinyundo, ili usiweze kujiwasha. Hapo fundi angetia sahihi. Lakini vifuniko havikuwapo karakanani. Fundi mmoja aliwaeleza wachunguzi baadaye kwamba alijua vinatakiwa, naye akaambiwa havipo. Kazi ilikuwa na haraka, ndege zilitakiwa. Sahihi zikatiwa.

Mitungi yapata 144 ikawekwa katika maboksi matano. Maboksi yakakaa. Siku moja ikatakiwa mahali pale pasafishwe, maana mgeni wa kazi atakuja kutazama. Karani wa stoo akayafunga maboksi ili yarudishwe kwa wenyewe huko Atlanta. Katika karatasi ya safari mitungi ikaandikwa kuwa ni mitupu. Wapenzi, mitungi mingi ilikuwa imekwisha muda, lakini haikuwa imekwisha nguvu. Wapakizi wakaipakia pamoja na matairi, kwa kuwa karatasi ilisema ni mitupu.

Tarehe 11 Mei, safari namba 592 iliondoka Miami. Muda mfupi baadaye moto uliwaka tumboni mwa ndege. Chumba kile cha mizigo hakikuwa na chombo cha kugundua moshi wala cha kuzima moto. Yapata dakika kumi tangu kuruka, ndege ilitumbukia katika bwawa la Everglades. Watu wote 110 walikufa.

Kilichowaua watu hao ni kifaa kilichotengenezwa ili kuwaokoa. Tena hesabuni mikono iliyokipitisha. Hapakuwa na mwuaji katika mikono hiyo. Palikuwa na fundi aliyekosa vifuniko, na msimamizi aliyekuwa na haraka, na karani aliyetaka pawe safi, na mwandishi wa karatasi, na mpakizi. Kila mkono uliuamini mkono uliotangulia. Bodi ya uchunguzi ya Marekani haikumtwika fundi mmoja mzigo wote. Ilililaumu shirika kwa kutosimamia kazi iliyofanywa kwa jina lake, na ikawalaumu wakubwa wa usafiri wa anga kwa kutotaka mapema vyombo vya moshi na moto katika vyumba vile vya mizigo. Sheria ya kuvitaka ilikuja mwaka 1998.

Mkanada mmoja, Gordon Dupont, alipokuwa akifanya kazi katika idara ya usafiri ya nchi yake, aliandika mwaka 1993 orodha ya mambo 12 yanayowafanya mafundi wa ndege wakosee. Orodha hiyo hutumika mpaka leo katika mafunzo ya mafundi sehemu nyingi za dunia. Humo mna uchovu, na kubanwa na haraka, na kukosa vifaa, na kutoelezana, na kukatizwa kazi katikati. Mna pia kukosa ujasiri wa kusema hapana, na kuizoea kazi mpaka mtu asiione tena. Na mna ile desturi ya mahali pa kazi, ambapo jambo baya huwa jema kwa kuwa kila mtu hulifanya. Tukiisoma orodha hiyo sisi wa kanisani, twaona ni ungamo kabisa. Hakuna hata jambo moja ndani yake ambalo halijaingia katika ofisi zetu, shule zetu na nyumba zetu.

Na hapa, wapenzi, hatuna budi kuacha kuwasema watu wa Miami, tujiseme wenyewe.

Katika parishi yetu yumo ndugu mmoja ambaye kazi yake ya miaka mingi imekuwa kukagua vifaa vya dharura vya ndege. Hatutamtaja jina wala mahali anapofanya kazi. Wakati mmoja tulimwuliza, jaketi la kuokolea hukaguliwaje? Akatueleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mwingine jinsi ya kumwogesha mtoto. Kwanza jaketi hujazwa hewa, likaachwa limejaa kwa saa nyingi, ili tundu dogo lisiloonekana lijionyeshe kwa kulegea. Kisha kile kichupa cha gesi kinacholijaza huwekwa katika mizani. Gesi haionekani, akasema, kwa hiyo hupimwa kwa uzito. Kikipungua kidogo tu kuliko kiasi kilichoandikwa juu yake, hakirudi ndegeni. Kisha taa yake, na kamba zake, na tarehe yake. Mwisho kabisa ndipo sahihi.

Tukamwuliza kama amewahi kukosea. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba usiku mmoja, karibu na alfajiri, alikuwa na majaketi mengi mezani, na ndege ilikuwa ikingojwa. Alipochukua kalamu atie sahihi, hakukumbuka kama jaketi moja amelipima ama amelikunja tu. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Angeandika, na kwa hakika jaketi lile lingekuwa zima. Lakini alirudi nyuma, akayafungua tena, akaanza upya. Kazi ikachelewa, naye akasemwa mbele ya wenzake. Majaketi yote yalikuwa mazima.

"Kwa hiyo ulijisumbua bure?" tukamwuliza.

"Sikujisumbua bure, Mchungaji," akajibu. "Kabla sijayafungua sikujua. Baada ya kuyafungua nilijua. Sahihi ni ya mtu anayejua."

Tuliyashika maneno hayo tukayahubiri Jumapili iliyofuata, na watu wakafurahi. Lakini tulipoyahubiri tulikuwa hatujayatii.

Parishi yetu ina ukumbi, na ukumbini mna shule ya chekechea. Siku za kazi watoto zaidi ya sitini hukaa humo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ukutani hutundikwa mitungi miwili ya kuzima moto, na kila mtungi una kadi. Yapasa kukaguliwa, na mkaguzi atie sahihi katika kadi hiyo. Jumamosi moja ndugu huyu alikuja kusaidia kupanga viti kwa ajili ya arusi. Kwa mazoea ya kazi yake akautazama mtungi uliokuwa nyuma ya mlango. Akautungua. Akaupima mkononi, akaigeuza kadi. Kisha akatuita kando, asije akatuaibisha mbele ya vijana.

"Mchungaji, mtungi huu hauna kitu. Angalia mshale wake, umelala upande mwekundu. Na hapa pametiwa sahihi mwezi uliopita. Sahihi hii ni ya nani?"

Ilikuwa sahihi yetu.

Twakumbuka vizuri jinsi tulivyoitia. Fomu ya shule ilikuwa itolewe siku ile, gari lilikuwa nje likingoja, na mtu alituletea kadi mbili pamoja na kalamu. Tuliuliza, "Yote yako sawa?" Tukajibiwa, "Yako sawa." Tukaandika. Hatukuuangalia mtungi hata kwa mbali. Aliyetujibu naye alikuwa amemwuliza mwingine. Nasi tulikuwa tumekwisha kusimama mimbarani kuwahurumia watu wa Miami.

Ndugu huyo hakuishia hapo. Alikwenda hadi mlango wa pembeni wa ukumbi, ule wa dharura, akaukuta umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Tulikuwa tumeufunga sisi wenyewe, maana viti vilikuwa vikiibwa. "Na ufunguo?" akauliza. Ufunguo ulikuwa nyumbani kwa mzee wa kanisa, mtaa wa pili. Hapo tuliikumbuka shule ya Kyanguli huko Machakos, mwezi wa Machi 2001, ambapo wavulana 67 walikufa usiku katika bweni lililoteketea. Moto ule uliwashwa na mtu, lakini mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Ukumbi wetu una vyuma madirishani. Nyumba zetu nyingi hapa Eastlands zina vyuma madirishani, na geti moja chini, na ufunguo kwa mlinzi.

Wapenzi, usiku ule hatukulala upesi. Hakuna mtoto aliyekuwa ameumia. Hakuna moto uliokuwa umewaka. Mbele ya watu hatukuwa na kosa lolote. Lakini tulijua kwamba kwa mwezi mzima watoto sitini walikuwa wamecheza juu ya dari isiyo na ukingo, na kwamba jina letu lilikuwa limeandikwa kushuhudia kwamba ukingo upo. Kama moto ungewaka, tungesimama makaburini tukiwa tumevaa kanzu nyeupe, tukawaambia wazazi kwamba ajali haina kinga.

Jumapili iliyofuata, kabla ya maungamo, tuliwaeleza washarika jambo hilo lote. Katika maungamo yetu ya kila wiki twakiri si yale tu tuliyotenda, bali na yale yaliyotupasa tusiyatende kando. Kwa miaka mingi tuliyasema bila kujua tunakiri nini. Siku ile tulijua ni mtungi, na mnyororo, na kalamu. Mama mmoja mwenye mtoto katika chekechea alitoka nje kimya, na hatukumlaumu. Alirudi juma la pili, akatuuliza kama mnyororo umeondolewa. Tukampeleka akautazame mlango mwenyewe, akausukuma kwa mkono wake, ukafunguka.

Sasa twaweza kuulizwa: je, hata kifaa kikiwa kizima, mambo yamekwisha? La, hayajakwisha. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, iliyotoka Addis Ababa ikija hapa Nairobi, ilitekwa nyara. Mafuta yakaisha, na rubani Leul Abate akalazimika kuishusha baharini karibu na Ngazija, katika visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, miongoni mwao mpiga picha wetu mashuhuri Mohamed Amin. Majaketi yalikuwamo. Lakini abiria wengi, kwa hofu, waliyajaza hewa wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua mpaka darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Jaketi hujazwa mtu akiisha kutoka. Ndiyo maana wahudumu hutueleza kabla ya safari, na ndiyo maana ni vibaya kusoma gazeti wakati wanapotueleza. Fundi akiisha kufanya sehemu yake, hubaki sehemu ya msikilizaji.

Pengine yuko mtu anayetusikia asubuhi hii ambaye amewahi kukosea, na kosa lake halikuishia katika aibu kama letu. Pengine lilimwumiza mtu, au lilimwua. Ndugu yetu, dada yetu, hatukusudii kukutonesha kidonda. Bwana wetu aliambiwa habari za watu wa siku zake, naye akawataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kama isomwavyo katika Luka 13. Hakukubali isemwe kwamba waliokufa walikuwa wabaya kuliko wengine. Aliwageuzia walio hai neno la toba. Toba ndiyo mlango uliobaki wazi kwako na kwetu. Kukosea ni ubinadamu, lakini kuficha kosa ni kulitega chini ya kiti cha mtu mwingine.

Kwa hiyo twasema na ninyi mlio wakubwa wa kazi, katika karakana, shule, hospitali na matatu. Mfanyeni mfanyakazi wenu aweze kusema, "Nimesahau, ngoja nirudi," bila kupoteza mkate wake. Pale mtu anapoogopa kusema hivyo, ndipo sahihi za uongo zinapozaliwa. Na ninyi mlio mafundi, mnaokunja majaketi saa tisa za usiku, hakuna abiria atakayewashukuru. Atashuka salama, achukue mzigo wake, aende zake bila kujua majina yenu. Lakini yeye aonaye sirini ameiona mizani yenu.

Na sisi sote wa nyumbani, tusiingoje siku ya mahubiri. Leo hii, kabla jua halijatua, kila mmoja wetu na autazame ukingo wa dari yake. Mwenye matatu autungue mtungi wake autazame mshale. Mwenye ploti ajaribu ufunguo wa geti la nyuma, aone kama bado wageuka. Mzazi awaonyeshe watoto ufunguo hutundikwa wapi. Na kila aliye na karatasi ya kutia sahihi, aende kwanza akakitazame kitu chenyewe kwa macho yake.

Katika parishi yetu kadi zile sasa zina sahihi mbili, ya mtu aliyekagua na ya mwingine aliyekagua baada yake, bila kuulizana. Ufunguo wa mlango wa pembeni haupo tena, kwa kuwa kufuli haipo. Viti viwili vimeibwa tangu wakati huo.

Na tuombe. Ee Mungu, Baba yetu, utusamehe yale tuliyoyaacha bila kutenda, na sahihi tulizotia bila kuona. Uwalinde wote walio angani na barabarani leo. Uwape mafundi wa usiku macho yasiyochoka na ujasiri wa kurudi nyuma. Uwafariji waliofiwa kwa sababu ya kosa la mtu, na umrehemu aliyekosa. Nasi utufundishe kumtunza jirani tusiyemwona, kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.